Nguzo za Mtarakwa

Mwaka wa 1936, sakafu ya mbao katika nyumba ya mzungu mmoja kwenye njia ya Soy ilibonyea katikati kama kitanda cha kamba. Kabati la vyombo likainama. Murunga, fundi aliyeijenga miaka miwili nyuma, akapewa hadi Jumamosi kuinyoosha. La sivyo Bwana angeandika kwenye kipande chake, cheti cha kazi alichovaa shingoni, kwamba ni fundi mbovu, na hakuna shamba Uasin Gishu nzima ambalo lingemwajiri tena.

Alitambaa chini ya nyumba, akachoma nguzo kwa kisu. Kisu kikazama hadi mpini. Mkaratusi! Mchwa walikuwa wamebakiza ganda tu. Yeye aliagiza mtarakwa, mti ambao mchwa hawaugusi.

Murunga alipokwenda kumzika babake, nguzo zilisimikwa na Kituyi, bakoki wake, yaani mwenzake waliyetahiriwa naye siku moja. Aliporudi, mbao za juu zilikuwa zimeshapigiliwa. Kutambaa chini kumkagua bakoki kungekuwa sawa na kumwita mwizi. Hakukagua. Aliogopa aibu kuliko kazi mbovu, na hapo alikosa.

Akaenda moja kwa moja kwa Kituyi. Nguzo za baraza, ambazo Murunga mwenyewe aliwahi kuzisifu akila ugali pale, zilikuwa mtarakwa.

"Kumbe ndizo hizi?"

Kituyi akacheka. "Bakoki, mzungu ana msitu mzima! Unalilia miti yake?"

"Nalilia jina langu."

"Sema ni mchwa. Mchwa hawana kipande."

Murunga hakucheka. Aliazima jeki ya gari, akainua sakafu kidogo kidogo kwa siku nne ili kuta zisipasuke, akasimamisha nguzo mpya za mtarakwa juu ya mawe na kufunika kila kichwa kwa bati ili mchwa wasipite.

Jumamosi Bwana aliruka-ruka juu ya mbao, zikatulia. "Nani aliweka zile za kwanza?"

Bakoki hashtakiwi kwa mgeni. Murunga alilijua hilo tangu jandoni. Lakini uongo nao ungekuwa wake.

"Kituyi, Bwana. Na mimi sikukagua."

Bwana akatia sahihi kwenye kipande bila kuandika neno baya.

Jumapili kanisani, watu wa rika lake walijisogeza wakajaza benchi alipokaribia. Kituyi, katikati yao, alikuwa ameshawaambia kwamba amesalitiwa. Murunga akasimama ukutani hadi ibada ikaisha.