Barua Niliyoisoma Bila Kuitazama

Mwezi uliopita nilikwenda Makongeni kumsaidia mama kuhama. Amesema jiji limemtosha, anarudi magharibi kwenye shamba la baba. Tulipovuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, nikaona bahasha ya bluu katikati ya leso zake kuukuu. Nilijua kilichomo.

Rafiki yangu, kama ulizaliwa simu zikiwa tayari mifukoni, itabidi univumilie kidogo. Miaka ile ya tisini, dada yangu mkubwa alipokwenda shule ya bweni mbali huko, habari zake zilitufikia kwa barua tu. Baba alifanya kazi kwenye garimoshi la mizigo, na akiondoka alipotea wiki nzima au zaidi. Mama hakujua kusoma. "Kwetu walisomesha wavulana," alikuwa akisema, kisha anacheka. Basi msomaji wa nyumba nilikuwa mimi, kitinda mimba wa miaka tisa, na jamani, nilivyojivuna! Barua ikija, mama aliipua sufuria, akajifuta mikono kwenye leso, akaketi wima kama yuko kanisani.

Barua za dada zilianza namna moja, kama za watu wote siku hizo: "Mimi huku ni mzima kama kigongo, hofu ni kwenu mlio mbali." Halafu salamu kwa kila mtu hadi paka wa jirani, halafu sukari imekwisha, sabuni imekwisha. Mama akishasikia neno mzima alishusha pumzi, akasema, "Asante Mungu," akarudisha sufuria motoni. Mengine hakuyasikiliza sana.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Wenzangu walikuwa nje wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira ukiwa katikati, mpira wao wa karatasi na nailoni unapita juu ya vichwa, wananiita kwa fujo: "Wewe, kuja! Tunaanza bila wewe!" Nikafungua barua macho yakiwa mlangoni, nikaighani ile salamu. Mimi huku ni mzima kama kigongo. Nikaongeza sukari, nikaongeza sabuni. Mama akamshukuru Mungu. Nikaikunja, nikaiweka juu ya redio, mahali pa barua za baba, nikachomoka.

Jioni tulikula ugali na omena, na mama aliimba akiosha vyombo.

Baba alirudi Ijumaa ya wiki iliyofuata, ananuka dizeli. Alikuwa na desturi ya kuzisoma barua mwenyewe kabla ya kula. Nilimwona akisoma, kisha akaanza upya kwa sauti: "Mama, mimi si mzima. Magoti yamevimba, nina homa, siwezi kusimama. Wanasema najifanya ili nikwepe kazi. Njooni." Hayo tu, mwandiko umepinda.

"Barua hii imefika lini?" akauliza.

Mama alinitazama. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, nimejikojolea, ndiyo, msichana mzima wa miaka tisa. Akamgeukia baba.

"Leo," akasema. "Imefika leo asubuhi."

Chakula kilibaki mezani. Waliondoka na nguo walizovaa, nami nikaachwa kwa jirani yetu Mkamba, mke wa mchonga vinyago. Siku nne nilisikia msasa wa mumewe ukisugua mti, na vumbi lake liliingia hata kwenye blanketi. Mama yule alinipikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, nikakataa. "Kula, mtoto," akasema. "Njaa yako haimponyi dada yako."

Walirudi naye kutoka hospitali amekonda, uso umebaki macho. Daktari aliwaambia homa ile ya viungo ilikuwa imegusa moyo. Angefika siku chache mapema, labda. Hilo labda lilihamia kwetu, likakaa. Baba aliomba kazi ya yadi ya reli ili alale nyumbani, na kila mwezi alimbeba dada kwa baiskeli kwenda kudungwa sindano. Mama alipika uji wa wimbi hata dada alipolia kwamba hautaki, maana mgonjwa haulizwi uji. Jioni, akimkanda miguu, baba alikuwa akisema, "Laiti barua ile isingechelewa njiani." Mama aliendelea kukoroga. Hakuniangalia hata mara moja, na mimi niliogopa kuliko kama angenichapa.

Tulimzika dada kabla hajamaliza kidato cha nne. Baba naye amekwenda, miaka mingi baadaye, akiamini vilevile kuhusu barua.

Sasa uwanja wetu wa kati umejaa magari. Barua nani anaandika tena? Binti yangu yuko bweni, na akipiga chafya tu mwalimu ananipigia simu. Nashukuru, lakini simu ikilia bado naidaka kabla haijalia mara ya pili.

Nilisimama na bahasha ile mkononi, nikauliza swali nililolibeba tangu utotoni. "Mama, mbona hukumwambia baba?"

Alikuwa akipanga sufuria kwenye gunia. "Nilikuwa na mtoto mmoja mgonjwa," akasema. "Ulitaka niwe na wawili?"

Nikalia, nakwambia, kama bado nina miaka tisa. Mama alisubiri nimalize. Kisha akajifuta mikono kwenye leso, akaketi wima kitandani.

"Haya, nisomee," akasema. "Polepole. Leo hakuna anayekuita nje."