Mara Tatu Kwenye Bomba

Mjomba wangu Salehe nusura amuue mtu kwa simu. Yeye alikuwa ameketi juu ya jiwe huku kwetu Matombo, na mtu mwenyewe alikuwa Bigwa, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari, barabara ikiwa imekauka. Simu nilimshikia mimi. Kwa hiyo nikisema mzee yule ni mbishi, sisemi kwa kuhadithiwa.

Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa fundi bomba mjini Morogoro. Nyumba yake ya Bigwa aliiwekea mabomba kwa mikono yake mwenyewe, mabomba ya chuma ya zamani, na ramani yake iko kichwani mwake tu. Macho yalipoingia mtoto wa jicho alirudi mlimani kwenye ardhi ya ukoo, nyumba akampangisha Filomena, mwalimu wa chekechea. Kwetu Waluguru mjomba ni mzito kama baba na zaidi, na kwa kuwa wapwa wengine wote wametawanyika, kumtunza kuliniangukia mimi Mwanvita, mwanamke wa miaka arobaini na tano mwenye shamba la iliki linalonisubiri.

Nyumbani mtandao haufiki. Kila siku baada ya swala ya adhuhuri nilimshika mkono tukapanda hadi kwenye jiwe lililo juu ya migomba, mahali pekee ambapo simu inashika. Yeye aliliita ofisi. Mimi nililiita adhabu, na nilimwambia hivyo.

Hapo jiweni ndipo alipoiendesha nyumba ya Bigwa. Filomena akipiga kusema maji yanavuja, Mjomba hakukimbilia kuita fundi. Alimwambia, "Weka simu kwenye bomba." Filomena anaiegemeza simu kwenye chuma, na huku Mjomba anafumba macho yake yasiyoona, anasikiliza. Kisha anatoa hukumu: washa, ule mpira wa ndani ya bomba la jikoni, imekufa, au kiungo cha chini ya sinki kimelegea, mwite Castory aje na spana. Castory ndiye fundi wa mtaa ule. Kila mara alikuta ni kweli, na kila mara Mjomba alishuka jiweni akiringa kama jogoo, mimi nikimwongoza asijikwae.

Nyumba hiyo ina pacha wake. Ukuta mmoja, nyumba mbili. Upande wa pili ni wa Mikidadi, Mnyamwezi wa Tabora, fundi mwenzake wa siku zote. Walijenga pamoja, wakaingiza maji kwa bomba moja lenye koki moja kubwa, iliyofukiwa uani kwa Mjomba. Ukiifunga hiyo, nyumba zote mbili zinakauka. Enzi za kazi yao hapakuwa na simu za mkononi, na mmoja akiwa bafuni, mwenzake nje kwenye koki, sauti haipenyi kuta. Basi walizungumza kwa kugonga bomba. Mara moja maana yake fungua. Mara tatu, funga. Mwingine aliyeijua lugha hiyo alikuwa mke wa Mikidadi, Bi Mwaisha, aliyekuwa akiwapelekea chai kazini.

Mwaisha alikuwa na ila moja iliyojulikana mtaa mzima: alikuwa hafungi bomba. Anafungulia maji, anakwenda kumsalimia jirani, ndoo inafurika mpaka barabarani. Walimtania kwa hilo hadi siku aliyofariki.

Na siku hiyo ndipo mambo yalipoharibika. Mluguru na Mnyamwezi ni watani, na mtani msibani ana kazi yake. Jeneza lilipokuwa linatolewa ndani, Mjomba alilizuia mlangoni kama inavyotakiwa, akaligonga ubavuni mara tatu, polepole, akasema, "Mwaisha, safari ndefu hiyo. Funga maji." Watu walicheka huku wanalia, hata shehe alitabasamu. Mikidadi hakucheka. Lakini mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani kwenye msiba, aibu inarudi kwako. Kwa hiyo Mikidadi hakulalamika wala hakutaka kuombwa radhi. Aliacha tu kusema naye. Wazee walishindwa kuwapatanisha, maana hakukuwa na kosa la kusuluhisha. Ikapita miaka kumi na moja, ukuta mmoja, koki moja, bila neno.

Alhamisi moja ya masika mwaka jana tulipanda jiweni katika ukungu mzito, migomba ya hatua kumi mbele nikiiona kivuli tu. Nilikuwa sijamkalisha Mjomba sawasawa simu ikaita. Alikuwa Filomena, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Alisema tangu jana alasiri kuna kitu kinagonga ndani ya ukuta wa bafu. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena. Majirani wamemweleza habari za mwanamke aliyekuwa akiishi upande wa pili, na yeye hakuja Bigwa kupanga nyumba pamoja na marehemu. Leo anahama.

Mjomba alimcheka. Alisema hiyo ni hewa, bomba likiingia hewa hugonga, mtu aliyesoma asiogope hewa. Akamwambia aweke simu kwenye bomba.

Nilimwekea simu sikioni, nami nikasogeza sikio langu. Palikuwa na mvumo wa mbali, ule wa chuma kinene. Kisha: ngo. Ngo. Ngo. Polepole, nafasi zikilingana. Kimya cha kuhesabu hadi ishirini. Halafu tena: ngo, ngo, ngo.

Kicheko kilimpotea Mjomba usoni. "Hewa haihesabu," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Niliogopa, sioni haya kusema. Ukungu ulikuwa umetuzingira pande zote, na ile sauti ilikuwa inatoka mkononi mwangu. Mjomba alininong'oneza kwamba ndivyo alivyogonga yeye jeneza, mwendo uleule, na sasa Mwaisha mwenyewe anamrudishia. Nikamuuliza, je, haiwezi kuwa Mzee Mikidadi? Filomena alisikia, akajibu kwamba wiki iliyopita mzee yule alimwambia anajiandaa kwenda Tabora kwa binti yake, na mlango wake umefungwa, taa haiwaki, hajaonekana. Nikasema tumpigie hata hivyo, namba yake ninayo. Mjomba alikataa kwa mkono. Maiti anamgongea ukutani, lakini kumpigia Mikidadi kwanza, baada ya miaka kumi na moja, hakuweza. Nilikasirika, ila nilinyamaza, na kunyamaza huko nakujutia mpaka leo.

Alimwelekeza Filomena atoke uani, afunue kifuniko, azungushe koki mpaka igome. "Anataka nifunge maji," aliniambia. "Nimefunga. Atuache."

Kule ukutani kukawa kimya papo hapo. Filomena alirudi akasikiliza, hakuna kitu. Alikubali kubaki siku mbili tatu, akichota maji kwa jirani. Safari hii Mjomba alishuka jiweni bila kuringa, na usiku sikumsikia akikoroma.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mjomba alipotoka msikitini tulipanda tena, ukungu ukiwa palepale kama hakuna siku iliyopita katikati. Nilimpigia Filomena mimi, nikitegemea kuambiwa kumetulia. Akasema hapana, kumeanza tena tangu asubuhi, lakini siyo kama jana. Sasa ni mara moja moja tu, na ni kama kinachoka.

Mjomba alitaka kusikia. Tukasubiri, mashavu yetu yamekaribiana kwenye simu. Ngo. Halafu kimya kirefu, kirefu hata nikadhani basi. Ngo. Ilikuwa hafifu, kama ukucha kwenye sufuria.

"Moja ni fungua," alisema Mjomba.

Akakaa. Nilimwona anafikiri, midomo inatembea. Kisha alinishika mkono kwa nguvu mpaka simu ikataka kuanguka.

"Mwanvita, marehemu hana kiu."

Nilielewa papo hapo. Akamwambia Filomena, bila salamu wala maelezo, afungue koki yote, amwite Castory na nyundo, wavunje mlango wa upande wa pili, wakimbie. Filomena alikimbia kweli. Alikimbia hata simu akaisahau pale ilipokuwa, imeegemea bomba.

Basi tukabaki sisi wawili jiweni, tukisikiliza ndani ya ukuta wa nyumba iliyo nyuma ya milima. Kwanza ngo, moja. Halafu mlio mwembamba, Mjomba akasema hayo ni maji, yamefika kwenye kona ya uani. Mvumo ukakua. Akayafuata kwa kidole hewani: yanapita chini ya jiko, yanapanda, yanaingia upande wa pili. Maji yakatulia katika mwendo wa kutiririka. Tukangoja ile ngo nyingine. Haikuja.

"Anakunywa," nilisema.

"Au amekwisha," alisema Mjomba.

Mbali sana, kama nje ya dunia, nyundo ilianza kupiga mbao. Mjomba aliokota kijiwe akaanza kugonga lile jiwe tulilokalia, moja, akinyamaza, moja, akinyamaza, na machozi yanamtoka hayo macho meupe. Aliita jina la Mikidadi. Sikuwahi kumsikia akilitaja tangu aliporudi mlimani. Nilimwacha agonge, na mimi nilikuwa nalia.

Filomena alirudi kwenye simu baada ya muda ambao siwezi kuupima. Walimkuta bafuni sakafuni, upande mmoja wa mwili umekufa, ulimi mzito, bomba la chini likimwagikia shavuni. Alikuwa hai. Castory alikuwa anatafuta bajaji ya kumpeleka hospitali.

Ilibidi kungoja barabara ikauke, kwa hiyo tulishuka mjini wiki tatu baadaye. Nilimshika Mjomba mkono mpaka kando ya kitanda hospitalini. Nilimpa Mzee Mikidadi shikamoo, akaitikia marahaba, maneno yakitoka polepole lakini yanaeleweka.  Kisha Mikidadi akasema, "Wewe ndiye uliyenifungia maji."

Mjomba akakubali. Akaomba radhi ya maji, na akaomba radhi ya jeneza, yote kwa pumzi moja. Mikidadi akamjibu kwamba radhi ya jeneza mtani haombi, asimharibie mila. Nilijua hapo kwamba wamepatana, na nilifurahi kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Akatusimulia. Safari ya Tabora aliiahirisha, miguu ilikuwa inamlegea. Alianguka Jumatano alfajiri akitawadha, mlango akiwa hajaufungua. Hakuweza kupiga kelele. Bomba la chini alikuwa ameliacha linachuruzika karibu na uso, basi alikunywa, akalala, akanywa. Hakuwa na maumivu. Alisema alishakubali; aliona pale panatosha, na hakuwa na haja ya kumwita mtu. Alhamisi maji yakakatika. Akajua hilo ni shauri la Salehe, kufunga koki bila kuuliza aliye upande wa pili, na hasira zikampanda. Kwa hasira hizo, kuanzia hapo mpaka Ijumaa asubuhi, alijiburuta kwa mkono mmoja hadi kwenye kopo la bati, akaanza kugonga.

"Mara moja moja," alisema. "Fungua."

Mjomba akauliza, taratibu, na zile tatu za mwanzo je? Za Jumatano alasiri na Alhamisi, kabla hatujafunga?

Mikidadi hakuelewa. Alisema kabla ya maji kukatika hakugonga kitu. Hakuwa na kitu mkononi, na kwa nini agonge mara tatu, aombe kufungiwa maji aliyokuwa anayanywa?

Niliogopa, wodini mchana, watu wamejaa. Maana niliona mara moja kilichofuata: tusingefunga maji, mzee huyu asingekasirika. Angekunywa, angelala, angenyamaza mpaka mwisho wake.

Mikidadi naye alikuwa amefika palepale. Alimuuliza Mjomba ziligongwaje. Mjomba alinyoosha mkono akapapasa mpaka akapata chuma cha kitanda, akagonga kwa kifundo cha kidole kama tulivyosikia kwenye simu. Ngo. Ngo. Ngo.

Mdomo wa Mikidadi ukatetemeka upande ule ulio mzima.

"Ndivyo Mwaisha alivyokuwa akinigongea mlango wa bafu," alisema. "Nikikawia sana humo ndani."

Mjomba aliondoa mkono wake kwenye chuma. Hatukukigusa tena, mimi wala yeye, mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.