Mama Upawa na Neno la Bwana Afya

Hamtaliamini hili, na wala hamtalaumiwa; hata waliolala chini wakishika matumbo siku ile, leo wanasema ni chumvi za watu. Basi tufanye wote ni waongo, tuendelee.

Mama Upawa ni shemeji yangu, mke wa kaka, mpishi wa kiwanda cha magodoro. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu akipakua hana upendeleo: msimamizi na mfagizi wanapata sawasawa. Kama uchovu ungekuwa cheo, mama huyu angekuwa waziri. Jioni moja miguu ilimgomea kabisa. Maharage ya kesho yalikuwa yameiva. Badala ya kuyamimina kwenye masinia yapoe, akayafunika humo humo kwenye sufuria, ya moto, akaenda zake. Kesho yake akayapasha, akayaonja, akaona hayana neno.

Usiku ule nusu ya kiwanda ilihamia chooni.

Asubuhi akaja bwana afya na mkoba wake. Akanusa sufuria, akauliza maswali, akasema, "Hii ni sumu ya chakula." Akafafanua vizuri tu: si kwamba mtu ametia kitu, chakula kikilala vuguvugu, vijidudu huzaliana humo na kuacha sumu yao, na moto wa kupashia hauiondoi. Lakini nani ana subira ya kumsikiliza mtu mwenye mkoba? Maneno yalipofika kwenye cherehani yalikuwa yameshakatwa, limebaki "sumu" peke yake. Yakafika langoni yakiwa "tumelishwa sumu". Na aliyelishwa lazima ana mlishaji.

Mchana sufuria ikajaa wali, foleni hakuna. Msimamizi akaingia jikoni akasema taratibu, "Mama, wasipokula leo na kesho, wakubwa wataleta mpishi mwingine. Mimi sina la kufanya."

Fundi mmoja wa cherehani, mdomo wake haujawahi kupata likizo, akasimama mlangoni na chupa ya maji.

"Mama, na wewe uliyala yale maharage?"

"Niliyala."

"Mbona sisi tuko hoi, na wewe umesimama kama mlingoti?"

Ukweli ni kwamba Mama Upawa hakuwa mzima hata kidogo. Usiku kucha alikuwa njiani, kitandani na chooni, kaka akimmulikia taa. Lakini alijiambia kwamba mpishi akikosa kazini siku kama hiyo, amejishtaki mwenyewe. Akajikaza kwa kitambaa tumboni, akapaka mafuta usoni, akaja. Kumbe kule kujikaza ndiko kulikomponza: kadiri alivyoonekana mzima, ndivyo alivyoonekana anajua kilichokuwemo.

Akaweka upawa chini, akatoka hadi kwenye cherehani, mkono mmoja ukutani.

"Jamani, na mimi naharisha. Nilikula maharage yale yale. Nilichoka, nikayafunika ya moto, hilo ni langu. Ila sumu sikuitia, na bwana afya hakusema niliitia."

Fundi akamtazama. "Unaendesha, wewe?"

"Kamuulize mume wangu. Ndiye aliyekuwa anabeba maji ya kumwagia choo."

Mtu akacheka huko nyuma. Mwingine akajikunja. "Mama, usituchekeshe, bado hatujapona."

Basi hapo mashine zote zikazimwa, wakambeba mabegani, msimamizi machozi njia mbili mbili, na mkurugenzi mwenyewe akateremka ngazi akipiga magoti kila kidato, mkononi ana sahani ya dhahabu aka—

"Shemeji," ananikatiza Mama Upawa ninayemsomea haya, macho hayatoki kwenye mchele anaouchambua. "Nani alinibeba? Fundi alileta sahani yake, akasema nimtilie kidogo tu. Wengine wakaja nyuma yake. Andika hivyo."