Mpaka Saa Nane

Mchora ramani wa ofisi moja ya upimaji viwanja, Kinondoni, hufungua barua pepe mara mbili tu kwa siku, saa nne na saa nane. Saa nyingine zote simu hukaa kwenye droo, na kidole chake hutambaa juu ya tarakimu za mipaka ya viwanja huku akizisoma kwa sauti ya chini, kama anayesali. Juzi bosi alikuja kusimama mezani kwake.

"Mama, barua yangu hujaiona?"

"Nitaiona saa nane, bosi. Sasa hivi niko kwenye nyumba ya watu."

Hakuinua macho. Kidole kikasimama. Tarakimu mbili zilikuwa zimepishana, na kwenye ramani jiko la bibi mmoja wa mtaa wa Wazo lilikuwa limehamia kiwanja cha jirani. Akazirekebisha, akaanza kuzisoma upya. Bosi akavuta kiti, akasubiri.