Nilivyomsingizia Bi Mwanasha Sumu ya Kuku

Bado nina hasira, na nyingi ni juu yangu mwenyewe. Kuku wangu alianza kupepesuka uani, shingo imelegea. Nilimfunika kanga, nikamdondoshea maji ya shubiri mdomoni. Jirani yangu hapa Mwabungo, Bi Mwanasha, akaja mbio na kisu.

"Tumchinje, mwanangu, asije akafa kibudu, nyama ikawa haramu!"

Amtilie sumu, kisha adai nyama? Nilimwambia hivyo hivyo, mtaa mzima ukisikia.

Aliinamia ndoo ya mahindi niliyoyaloweka na sukari juani, kama nilivyojifunza kwenye simu, ili kuku anenepe. Akanusa, akaziba pua kwa mtandio.

"Astaghfirullah! Kuku wako amelewa. Kumbe siku hizi unapika pombe?"