Sikio Moja la Gitaa

Mume wangu Siméon ni masoni. Saruji imekausha vidole vyake hata ukimpa mkono unadhani umeshika tofali. Vidole hivyo hivyo ndivyo vinavyopiga gitaa. Nilipoolewa naye sikuamini, na siku nikiwa na hasira bado siamini.

Gitaa lenyewe ni la umeme, jekundu, alilinunua Butembo kwa mtu aliyekuwa anahama. Tangu hapo mimi ni mke wa pili, na ninamwambia hivyo usoni. Anapigia kwaya ya parokia yetu hapa Mulekera, Beni. Mwaka huu walimpa wimbo wa Pasaka wenye sehemu ndefu ambapo waimbaji wote wananyamaza na gitaa linasema peke yake. Sehemu hiyo ilimkaa kichwani mpaka akawa anaipiga kwa vidole juu ya meza, chakula kikipoa.

Halafu jirani yetu Vagheni akafiwa na mwanawe, aliyeuawa shambani. Kwetu jirani akiwa na kilio hakuna muziki, hata redio inashushwa, mpaka siku ya kumaliza kilio. Siméon alizima spika yake bila kuambiwa. Akatafuta kaske, ile ya kuvaa kichwani ikafunika masikio, pamoja na kidude kidogo cha kuchomeka kwenye gitaa, akahamia stoo ya uani kati ya ndoo na miko yake. Humo ndani yeye alisikia orkestra nzima. Sisi wengine, hata tukisimama mlangoni kabisa, tulisikia nyuzi zikikwaruza tu.

Nilikubali kwa sharti moja. Mtaani kwetu mtu akiona hatari anapiga sufuria. Wa nyumba inayofuata akisikia anapiga ya kwake, na hivyo hivyo mpaka mtaa wote unajua, watu wanakimbilia katikati ya mji. Hapa tunaishi kwa masikio.

"Sikio moja ya gitaa, ingine ya nyumba," nilimwambia. "Baba hawezi kimbia."

"Nimesikia, Godelive," akasema, akasogeza kaske upande, sikio la kushoto likabaki nje.

Baba ni mzee Zacharie, baba mkwe wangu. Macho yake yanaona ukungu, na mguu mmoja haumbebi. Aliuvunja siku walipokimbia kutoka Eringeti, miaka minne sasa. Alianguka kwenye shamba la kakao, na mama mkwe alikuwa mbele, ameshafika barabarani na wengine. Mzee akamwita kwa jina. Mama akasikia, akarudi. Washambuliaji walimkuta njiani kabla hajamfikia. Mzee alilala kati ya miti ya kakao mpaka asubuhi, na tangu siku hiyo jina la mkewe halijatoka kinywani mwake.

Alhamisi moja, saa tisa mchana, nilikuwa sokoni na sombe yangu, majani ya muhogo ninayouza. Watu wakaanza kumiminika kutoka Mulekera, wamebeba watoto na magodoro. Sikuuliza kitu. Niliacha sombe chini, nikaenda kinyume chao. Dereva wa pikipiki wa kwanza alikataa kunipeleka, wa pili alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Nilitembea. Nilikimbia pale nilipoweza, na mapaja yangu si ya kukimbia. Njia nzima nilijiambia: Siméon yupo, Siméon amembeba mgongoni, utakutana nao.

Sikukutana nao. Nyumba ilikuwa wazi. Baba alikuwa sakafuni, chini ya kitanda, amejikunja uso ukutani. Nilidhani amekufa. Nilipomgusa nikaona ameuma blanketi kwa meno, kwa nguvu hata nikalazimika kulitoa polepole. Hakuwa na jeraha lolote. Alikuwa analia bila sauti.

Ndipo mlango wa stoo ukafunguka. Siméon akatoka, kaske shingoni, uso ukimng'aa kwa furaha.

"Umerudia mapema," akasema. "Godelive, nimeipata! Nimeipata yote!"

Masikio yote mawili. Sehemu ile ndefu ilikuwa karibu kumkubali, naye akaona sikio moja halitoshi.

Nilimvua kaske ile shingoni nikaitumbukiza kwenye pipa la maji. Mwenyezi Mungu anisamehe maneno niliyosema, maana Vagheni, mwenye kilio, alikuwa amesharudi kwake na aliyasikia yote. Jioni tulijua kwamba hakukuwa na shambulio: mtu aliona watu asiowajua wakipita na mapanga akapiga sufuria, kumbe walikuwa vibarua wakienda kukata miti. Lakini mtaa ulikuwa umekimbia kweli, na mzee alikuwa amebaki kweli.

Siméon alipiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nilikuwa pale tu, ku stoo. Juu ya nini hukuniita?"

Mzee akampapasa kichwa.

"Nilisikia masufuria, sikusikia weye. Nikasema, aksanti Mungu, mutoto amekwenda, amepona. Lakini kama ningekuita, ungerudia." Akafuta mdomo. "Mama yako ndiye nilimwita, akarudia."

Siméon aliweka kichwa juu ya ule mguu mbovu. Mimi nilitoka nje, nikaitazama kaske ndani ya pipa, na hasira yangu yote ilikuwa imekwisha.

Sasa anafanyia mazoezi sebuleni, bila kaske wala spika, nyuzi tupu. Sauti haifiki kwa Vagheni, ila inapita ukuta wa mbao mpaka kwenye kitanda cha mzee. Taabu ni kwamba Siméon hawezi kuacha kupiga hata kidogo. Akinyamaza kukaza uzi, fimbo ya mzee inagonga ukuta.

"Uko?"

"Niko, baba."

Kisha anaendelea.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa, na mzee tulimwacha nyumbani na Vagheni. Waimbaji wakanyamaza, gitaa likaanza. Katikati ya ile sehemu kuna mahali wimbo unapumua, mapigo mawili hivi, kabla haujapanda. Siméon aliondoa vidole kwenye nyuzi. Mimi nilikuwa kwenye benchi la pili, nikaona midomo yake ikisema, "Niko, baba."

Akachelewa kuingia, na kiongozi wa kwaya akamkunjia uso.