Jiko la Baba Miche

Kwa mujibu wa tamko la Idara ya Misitu, lililosomwa mbele ya watumishi wote wakiwa wamesimama, Kituo cha Juu hakina baridi. Kina ubaridi wa kiasi, ambao mtumishi mwenye afya njema huuchukulia kama sehemu ya mandhari. Atakayesikia baridi mahali pasipo na baridi atahesabiwa kuwa mgonjwa, na kwa kumhurumia atahamishiwa bondeni, getini, akapandishe na kushusha kizuizi cha malori.

Tamko hilo liliandikwa bondeni, kwa nia njema, madirisha yakiwa wazi.

Mlinzi wa Kituo cha Juu alikuwa mwanamume wa makamo asiye na mke wala mtoto, ila alikuwa na miche ya mierezi kilima kizima. Aliipanda kwa mkono wake, akaizungushia miiba mmoja mmoja ili swala wasiitafune, na kila asubuhi aliipitia akiijulia hali. Ndiyo maana watu walimwita Baba Miche. Getini hakuna wa kumjulia hali ila madereva, na madereva hujibu. Kwa hiyo alitaka kubaki juu. Tatizo ni kwamba huko juu alikuwa anatetemeka. Aliamka akakuta turubai la hema limekakamaa kwa umande ulioganda, na masharubu yake nayo yamekakamaa, kama vile yamekubaliana. Kulalamika hakuthubutu. Akiombwa aeleze hali yake, alisema ni mandhari.

Likizo ilipofika alishuka kwa dada yake, ambaye mumewe alikuwa fundi bati, mtu wa mabirika na mifereji ya paa, mwenye kibanda nyuma ya nyumba.

"Shemeji," alisema Baba Miche kabla hata hajaketi, "nataka jiko."

Fundi aliweka nyundo chini taratibu. "Hatimaye! Mama watoto, njoo usikie! Kaka yako anataka jiko!"

Dada alitoka mbio na mwiko mkononi. "Nani? Wa wapi? Kwao tunakujua?"

"La bati," alisema Baba Miche. "La kutia joto hemani."

Dada alimtazama, akautazama mwiko, akarudi ndani. Mlango aliuacha wazi, maana alitaka asikike. "Wenzake umri huu wanatafuta jiko la kuzeeka nalo. Yeye anatafuta la kubeba mgongoni!"

Lakini kubeba ndiko kulikokuwa na kazi. Njia ya Kituo cha Juu haipitishi hata baiskeli. Kila kinachofika huko kimepanda mgongoni mwa mtu. Jiko la kwanza fundi alilikata kutoka kwenye pipa la chuma, akalichomelea pande zote, akalipiga kofi la upendo.

"Hili, shemeji, wajukuu zako watalirithi."

"Nitalibebaje?"

"Hilo waachie wajukuu."

La pili lilitokana na debe tupu la mafuta ya kula, jepesi kama kapu. Walililaza ubavu, wakakata mdomo wake ukawa mlango, bawaba zikawa za misumari na waya. Chini ya mlango walitoboa matundu ya hewa, wakayawekea kibati cha kusogeza, cha kuuchangamsha moto au kuutuliza. Miguu ilikuwa ya nondo nyembamba, ya kukunja. Baba Miche alipookota vipande vya bati la kuezekea ili viwe bomba, fundi alimpokonya.

"Hilo lina zinki. Likipata moto linatoa moshi wa kukuharibu kifua. Unataka joto au unataka matanga?"

Wakatafuta bati jembamba lisilopakwa kitu, wakalikunja likawa mwanzi mrefu, wakalibana kwa pete za waya. Uzuri wake ni kwamba ukitoa pete, bomba zima hufunguka, unalizungusha kama mkeka na kulitia kwenye mfuko.

Walilijaribu uani, kwanza ili rangi ya debe iungulie nje. Iliungua vizuri, kwa harufu iliyomtoa jirani kwake kuuliza ni nani anachoma viatu. Kisha jiko likaanza kuvuta moshi upande usiotakiwa. Wote ulitokea mlangoni, na bomba likabaki safi kama la maonyesho.

"Linatema," alisema Baba Miche, machozi yakimtiririka.

"Limekuona mgeni," alisema fundi. "Bomba fupi hilo. Tuliongeze."

Lilipoongezwa, moto ulivuma ghafla, debe likaanza kutoa joto la kusogeza watu nyuma. Dada, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, alitoka na kigoda, akaketi, akanyoosha mikono. Baadaye ndiye aliyeshona, kwa sindano ya magunia, kipande cha bati chenye tundu kwenye kiraka cha turubai, ili bomba lipite bila kugusa kitambaa.

Baba Miche akapanda mlima na debe mgongoni. Akakishona kile kiraka kwenye paa la hema, akapitisha bomba, akatandaza mchanga ndani ya jiko, akaacha mlango wa hema wazi upenyo wa mkono ili hewa ipite. Siku ile alilala bila kofia kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Furaha ndiyo iliyomponza. Asubuhi Mama Redio, mpokeaji wa redio ya upepo ofisini, aliita vituo kama kawaida.

"Kituo cha Juu, hali?"

"Salama kabisa, mama! Nimepata jiko."

Vituo vingine, ambavyo husikiliza mawimbi hayohayo, vilitega masikio kwa heshima.

"Hongera, baba! Na umepanda nalo huko?"

"Nimelipandisha mgongoni. Jepesi hilo!"

"Jamani, mapenzi! Na linauvumilia huo ubaridi?"

"Halijali. Ila linakula! Ukisinzia kidogo, limemaliza akiba yote."

"Ndivyo tulivyo," alisema Mama Redio.

"Na asubuhi linakohoa. Lakini nikiligonga ubavuni mara mbili, linatulia."

Mama Redio alikata mawasiliano, akaenda moja kwa moja kwa mkaguzi.

Mkaguzi alipanda mlima kesho yake, na mvua ikapanda naye hatua kwa hatua. Alifika alasiri, akasimama nje ya hema, maji yakimtoka kwenye kofia.

"Dada!" aliita. "Toka, usiogope! Serikali imefika!"

Akatoka Baba Miche na kikombe cha chai. "Dada yuko kwake bondeni, mkubwa. Hajambo."

"Si dada yako! Jiko lako! Unalipiga kila asubuhi, tumesikia wote!"

"Ah," alisema Baba Miche. "Karibu ulione."

Mkaguzi aliinama, akaingia. Alilitazama debe kwa muda. Debe lilikohoa.

"Hili?"

"Hilo, mkubwa. Masizi yakijaa, nagonga bomba."

Mkaguzi alijikohoza na kutafuta kosa lingine. "La kazi gani?"

Hapo Baba Miche aliona kizuizi cha malori kikipanda na kushuka mbele ya macho yake, na miche yake yote ikimezwa na swala. "La chai," alisema.

"Chai haihitaji bomba linalotoboa turubai la serikali."

"Ina mvuke, mkubwa."

"Unasikia baridi wewe. Sema kweli."

"Nikiwa humu ndani," alijibu Baba Miche, naye hakudanganya, "sisikii hata kidogo."

"Hata mimi si-si-sisikii," alisema mkaguzi. Meno yalikuwa yanamgongana.

"Ni ubaridi tu, mkubwa."

"Wa kiasi."

"Wa kiasi. Nichochee?"

Mkaguzi alitazama mlangoni, kana kwamba Idara nzima ingeweza kuwa imesimama pale mvuani. "Chochea," alisema, akavua viatu.

Mvua haikukatika mpaka asubuhi, na mkaguzi hakushuka mpaka ilipokatika. Baba Miche alikaa kusubiri uhamisho. Alifungasha nguo, akaipitia miche mmoja mmoja na kuiaga, kisha akaona aibu akarudi hemani. Redio ilipoita, aliishika kwa mikono miwili.

"Kituo cha Juu," alisema Mama Redio kwa sauti yake ya ofisi. "Utabaki hapo hapo. Mkaguzi atarudi mwezi ujao kwa ukaguzi wa kina. Anaomba kuni ziwe kavu."